Baron iliyojaa, Songwe, saa nane mchana: mwongozo kamili wa kupima upandaji wa ndege ya injini mbili kwenye simuleta

Nilipakua Baron ya bure mtandaoni, nikaiweka uwanja wa Songwe, Mbeya, nikajaza viti na matangi mpaka uzito wa mwisho unaoruhusiwa, nikaweka joto la nyuzi 28, nikapaa. Sindano ya upandaji ikasimama kwenye futi 1,900 kwa dakika. Nikaona raha, nikajua nimepata ndege yenye nguvu. Mdogo wangu alikuwa amekaa kando na kurasa chache za kitabu cha ndege tulizochapisha. Akaniuliza: "Kaka, hapa pameandikwa 1,700, tena usawa wa bahari. Sisi tuko Songwe. Imekuwaje inapanda kuliko ikiwa pwani?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo lilitula wikendi tatu na nusu ya kaunta buku, na mwongozo huu umetoka humo. Utakuonyesha namna ya kujua, kwa saa ya simu na hesabu za kujumlisha na kugawanya, kama ndege yako ya injini mbili za propela inapanda kama ile ya kweli, na kama haipandi hivyo, tatizo liko wapi. Nimechagua Beechcraft Baron 58 kwa sababu inakuja ndani ya X-Plane bila kununua cha ziada, imo pia ndani ya baadhi ya matoleo ya Microsoft Flight Simulator, na namba zake zinajulikana. Mwenye kompyuta ya kawaida au bando la kubana atumie FlightGear, ambayo ni bure. Njia ni ileile, ila atafute namba za ndege aliyo nayo.

Nawaandikia hasa vijana wa huku kwetu. Ukijifunzia Songwe au Nduli, uwanja wa Iringa, kwenye ndege inayodanganya, kichwani unajijengea milima ambayo haipo. Siku ukikaa kwenye ndege ya kweli, mkono utafanya ulichozoea, na safu ya Mbeya itakuwa palepale ilipo.

Ndege hupanda kwa akiba

Aliyesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kuja nyanda za juu anaijua Kitonga. Lori lililokuwa linakimbia vizuri Mikumi linafika mlimani, dereva anashusha gia, linaanza kutambaa. Injini haijabadilika. Tambarare ilikuwa inatumia sehemu ya nguvu yake kusukumana na hewa na barabara, na iliyobaki ilikuwa akiba. Mlimani akiba ndiyo inayolipandisha. Likiwa limebeba mbolea tani nyingi, akiba ileile inagawanywa kwa mzigo mkubwa zaidi.

Ndege ni hivyohivyo. Baron ina injini mbili za Continental, kila moja nguvu-farasi 300, jumla 600. Propela haifikishi zote kwenye hewa. Nikipiga hesabu kurudi nyuma kutoka namba za kitabu, kwa mwendo wa kupanda inafikisha kama asilimia 70, yaani 420. Kiasi cha 137 zinatumika kuishikilia tu ndege isishuke. Zinabaki 283. Nguvu-farasi moja, kwa maana yake ya asili, ni kuinua paundi 33,000 futi moja kwa dakika. Zidisha 283 kwa 33,000, gawanya kwa uzito wa paundi 5,500, unapata karibu 1,700. Ndiyo namba aliyoniuliza mdogo wangu.

Sasa zima injini moja. Zinabaki 210 zinazofika hewani. Kuishikilia ndege kunakula zaidi kidogo, kama 145, kwa sababu inaburuta injini iliyokufa na mkia umepindishwa kuinyoosha. Akiba ni 65. Hesabu ileile inakupa futi 390 kwa dakika, na 390 ndiyo iliyomo kitabuni. Nguvu imepungua nusu, lakini upandaji umepotea zaidi ya robo tatu. Mtu asiyeielewa akiba hawezi kuielewa ndege ya injini mbili, na nimeona wengi wanaoamini kuwa injini ya pili ni ya kukufikisha nyumbani kokote ulipo.

Namba za kuandika kabla hujawasha kompyuta

Kwa Baron 58 yenye injini za nguvu-farasi 300, andika hizi kwenye ukurasa wa kwanza:

- Uzito wa mwisho wa kupaa: paundi 5,500, karibu kilo 2,495.
- Upandaji wa injini mbili, usawa wa bahari: futi 1,700 kwa dakika.
- Dari, mahali upandaji unapobaki futi 100 kwa dakika: futi 20,688.
- Upandaji wa injini moja, usawa wa bahari: futi 390 kwa dakika.
- Dari ya injini moja, mahali unapobaki futi 50 kwa dakika: futi 7,284.
- Mwendo wa kupanda vizuri zaidi: noti 105 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Kwa injini moja: noti 101, ule mstari wa buluu kwenye saa ya mwendo.
- Mwendo wa chini kabisa wa kuimudu ndege kwa injini moja: noti 84.

Kati ya usawa wa bahari na dari, upandaji wa ndege ya injini za pistoni zisizo na tabo (pampu ya kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini) hupungua karibu kwa mstari ulionyooka. Basi, toa 100 kwenye 1,700, gawanya kwa 20.7, unapata futi 77 zinazopotea kwa kila futi 1,000 za kwenda juu. Kwa injini moja, toa 50 kwenye 390, gawanya kwa 7.3, unapata karibu 47. Namba mbili hizi, 77 na 47, zinatosha kwa karibu kila kitu kinachofuata.

Songwe si futi 4,400

Uwanja wa Songwe uko takriban futi 4,400 juu ya bahari, na Nduli kule Iringa kama 4,700. Lakini ndege haisomi kibao cha uwanja. Inahisi hewa ilivyo nzito au nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi. Mwinuko ule ambao injini, propela na mabawa vinauhisi, marubani huuita densiti altitudi. Mimi nitauita mwinuko wa hewa.

Kuupata ni rahisi. Hewa ya kawaida ya vitabu ni nyuzi 15 usawa wa bahari, na inapoa nyuzi 2 kila futi 1,000. Kwa hiyo Songwe, kitabu kinategemea nyuzi 6. Saa nane mchana mwezi wa Oktoba, mvua hazijaanza, weka 28. Tofauti ni nyuzi 22. Kila nyuzi moja ya ziada ni futi 120. Zidisha, unapata 2,640. Jumlisha na 4,400. Ndege yako imesimama kwenye futi 7,000 za hewa, hata kama magurudumu yako yanagusa lami.

Linganisha na asubuhi ya Julai, nyuzi 8, mtu anavaa koti mbili. Tofauti ni nyuzi 2 tu, na mwinuko wa hewa ni kama 4,600. Uwanja ni uleule, ndege ni ileile:

Asubuhi ya Julai, injini mbili: 1,700 toa 77 mara 4.6, yaani karibu 1,345 kwa dakika. Injini moja: karibu 175.

Mchana wa Oktoba, injini mbili: karibu 1,160. Injini moja: karibu 60.

Rudia kuisoma hiyo namba ya mwisho. Futi 60 kwa dakika, kwa rubani asiyekosea chochote, ndege mpya, propela ya injini iliyokufa imeshalazwa ili makali yake yaukabili upepo, magurudumu yamekunjwa. Kupata futi 1,000 utahitaji zaidi ya robo saa, na kwa mwendo huo utakuwa umekwenda zaidi ya kilomita 50. Ukielekea magharibi umeshaipita Vwawa, na uwanda wa Mbozi wenyewe uko juu kuliko uwanja ulikotoka.

Kuiandaa simuleta

Zima upepo wote na mawingu. Weka mgandamizo wa hewa 1013, ili altimita, saa ya mwinuko, isome mwinuko wa kitabu bila kuhitaji masahihisho. Upepo ukibaki, safu za milima huku kwetu zinasukuma hewa juu upande mmoja na kuishusha upande wa pili, na hutajua futi zipi ni za injini na zipi ni za mlima.

Joto linahitaji uangalifu kuliko vyote. Jioni yetu ya kwanza yote iliharibikia hapo. Niliandika 28 kwenye ukurasa wa hali ya hewa, nikapima mara sita, majibu yote yakawa mazuri mno. Kumbe ile 28 ilikuwa ya usawa wa bahari. Programu iliipunguza nyuzi 2 kila futi 1,000, na Songwe ikabaki 19. Nilikuwa nimepima kwenye futi 6,000 za hewa huku daftari limeandikwa 7,000. Tangu siku hiyo sisomi nilichoandika kwenye menyu. Nasoma kipimajoto cha ndani ya chumba cha rubani, ndege ikiwa imesimama uwanjani, na hiyo ndiyo namba inayoingia kwenye daftari.

Uzito nao uuone kwa macho. Simuleta nyingi hukupa ndege yenye rubani mmoja na mafuta nusu, ambayo inaweza kuwa nyepesi kwa paundi 900. Akiba ileile inayokupa 1,160 ukiwa na paundi 5,500 itakupa karibu 1,400 ukiwa na 4,600, pengine na zaidi kidogo. Watu wengi wanaolalamika kuwa ndege yao inapanda kupita kiasi wanairusha tupu. Jaza mpaka 5,500, na ukihifadhi mpangilio huo utaokoa muda kila unaporudia.

Kisha zima misaada yote ya programu, hasa ule wa kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa wenyewe. Songwe, ukiacha wenzo wa mchanganyiko mbele kabisa kama uko Dar es Salaam, injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo na nguvu inapungua. Kanyaga breki, sukuma wenzo wa nguvu mpaka mwisho, halafu vuta mchanganyiko polepole ukifuata alama za mtiririko wa mafuta kwa mwinuko huo. Kama ndege yako haina alama hizo, vuta huku ukitazama joto la moshi linavyopanda, kisha rudisha mbele kidogo upande wa mafuta mengi. Usitafute mabadiliko kwenye mizunguko ya propela: inajirekebisha yenyewe, itabaki 2,700 na kukuficha kila kitu.

Ukiwa bado umekanyaga breki, soma shinikizo la manifoldi, yaani mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini. Kipimo hiki kinachukua sekunde tano na kinafichua mengi. Hewa ya futi 4,400 ina mgandamizo wa inchi 25 na nusu hivi za zebaki. Injini isiyo na tabo haiwezi kuvuta zaidi ya kilichopo nje, kwa hiyo sindano inapaswa kusimama kwenye 25 au chini yake kidogo. Ile Baron yangu ya bure ilisoma 29. Yaani aliyeitengeneza aliipa tabo ambayo ndege ya kweli haina, na haikujua kabisa kama iko mlimani. Swali la mdogo wangu lilikuwa na jibu lake pale kwenye saa, mbele ya macho yangu.

Kipimo cha kwanza kipigie Dar es Salaam

Najua unataka kuanza Songwe. Anza Dar es Salaam, uwanja wa Julius Nyerere, karibu usawa wa bahari, na uweke joto la nyuzi 15 hata kama Dar ni nadra kuwa na baridi hiyo. Hapo unaipima ndege peke yake, bila milima wala joto kuingilia.

Paa, kunja magurudumu na flapi (vibao vya nyuma ya mabawa), wenzo wa nguvu mbele kabisa, mizunguko 2,700, na kama ndege ina milango ya kupozea injini, ifungue. Shika noti 105. Usitumie otopailoti ya kushika kasi ya kupanda. Hiyo itafuata namba uliyoiandika na kuumeza mwendo. Shika mwendo kwa pua, tuliza kabla ya futi 800, ili ukifika 1,000 kila kitu kiwe kimetulia. Sindano ya upandaji iache; inachelewa na inaruka. Altimita ikigusa 1,000, bonyeza saa. Ikigusa 2,000, simamisha.

Katikati ni futi 1,500, kwa hiyo unategemea kama 1,585 kwa dakika. Futi 1,000 zichukue sekunde 38. Rudia mara tatu, na kama mwendo ulitoka kwenye 105 kwa zaidi ya noti 3, futa jaribio hilo. Sisi tulikubaliana kuwa tofauti ya sekunde 2 au 3 ni ya mkono wa binadamu. Zaidi ya hapo ni ya ndege.

Ukiwa hapohapo Dar, endelea kupanda na upime tena kati ya 12,000 na 13,000. Unategemea kama 735 kwa dakika, yaani sekunde 82 hivi. Ndege inayofaulu chini na kufeli juu kwa kupanda mno ina injini isiyopungukiwa nguvu. Ikifeli kotekote kwa kiasi kinachofanana, angalia uzito au ukinzani wa hewa.

Songwe, saa mkononi

Sasa rudi nyumbani. Nyuzi 28 kwenye kipimajoto cha ndani, paundi 5,500, upepo sifuri. Paa, tuliza noti 105, pima kati ya altimita 6,000 na 7,000. Katikati, futi 6,500, hewa bado ina nyuzi 22 za ziada, na mwinuko wa hewa ni kama 9,100. Toa 77 mara 9.1 kwenye 1,700, inabaki karibu 1,000 kwa dakika. Dakika moja kwa futi elfu moja. Sijui namba rahisi kuikumbuka kuliko hiyo.

Ukipata sekunde 64 au 65, usiilaumu ndege. Kwenye hewa ya moto tabaka la hewa limetanuka, na futi 1,000 za altimita ni kama futi 1,080 za rula. Ndege imepanda zaidi ya altimita inavyokuambia. Simuleta inayolijali jambo hilo itakupa 65. Isiyolijali itakupa 60. Zote mbili nazikubali. Ile Baron ya bure ilitupa sekunde 33.

Injini moja, kipimo kinachotenganisha ndege nzuri na mbaya

Nimeshaona ndege nzuri za simuleta zikifaulu kila kipimo kilichotangulia na kuanguka hapa, kwa hiyo usikiruke.

Panda mpaka 6,500 juu ya Songwe kwa injini mbili, uzito uleule, joto lilelile. Nyoosha. Zima injini ya kushoto: kwenye Baron propela zote zinazungukia upande mmoja, na kushoto ndiko kunakouma zaidi. Shikilia uelekeo kwa pedali ya kulia. Laza propela iliyokufa, yaani vuta wenzo wake nyuma kabisa mpaka panga zigeuke na kuukabili upepo kwa makali. Injini iliyobaki iwe kwenye nguvu zote. Shika noti 101. Laza ndege nyuzi 2 au 3 upande wa injini nzima, na iache ile gololi ya kigeuzio, saa inayoonyesha kama ndege inakwenda ubavuubavu, itoke katikati kidogo, kama nusu yake, kuelekea huohuo. Mwanzoni utajisikia unakosea. Ukiing'ang'aniza gololi katikati huku mabawa yamenyooka, ndege inakwenda ubavuubavu na futi zako chache zinaishia huko.

Halafu tazama. Mwinuko wa hewa ni 9,100, na dari ya injini moja ni 7,284. Baron ya kweli haiwezi kukaa hapo. Lazima ishuke, taratibu, futi 30 au 40 kwa dakika, na iendelee kushuka mpaka karibu na altimita 5,700, ambako akiba na mahitaji vinalingana. Hapo itasimama, futi 1,300 hivi juu ya lami ya Songwe. Hilo ndilo jibu sahihi: ndege iliyojaa, mchana wa Oktoba, injini moja, inashuka pole mpaka inapata hewa inayoweza kuibeba.

Kama yako inaendelea kupanda futi 300 kutoka hapo, usiitumie kujifunzia dharura. Kama inaanguka futi 400 kwa dakika, angalia kwanza kama propela kweli imelala. Propela inayozungushwa na upepo ni kama sahani ya duara iliyofungwa kwenye bawa. Jaribu makusudi kuiacha izunguke uone tofauti. Kama hakuna tofauti yoyote, aliyetengeneza ndege hakuiweka.

Kuirekebisha

Nakala ya faili za asili iweke pembeni kabla hujagusa herufi. Kisha fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inaitegemea iliyotangulia: uzito mtupu, nguvu ya injini, mwendo wa safari, upandaji, halafu injini moja. Anayeanza na upandaji atauharibu mwendo wa safari, atarudi kuurekebisha, na upandaji utaharibika tena. Tulizunguka hivyo siku mbili.

Kwenye Microsoft Flight Simulator, ndege ambayo faili zake ziko wazi ina engines.cfg na flight_model.cfg. Kwenye ya kwanza hakikisha tabo imezimwa na nguvu-farasi ni 300. Kisha nenda juu, ruka tambarare kwa nguvu kubwa, uone kama unapata mwendo halisi wa karibu noti 200. Ukizidi, ongeza ukinzani wa mwili kupitia parasite_drag_scalar. Kwa mwendo mkubwa ukinzani wa mwili ndio unaotawala, kwa hiyo hapo hauchanganyi mambo.

Mwendo ukikaa sawa na upandaji bado ukazidi, sasa gusa induced_drag_scalar, ule ukinzani unaotokana na bawa kubeba uzito, ambao una nguvu kwenye noti 105 na karibu hauonekani kwenye 200. Badilisha kidogo, kutoka 1.0 kwenda 1.05, pima, andika. Msukumo wa propela niliuacha wa mwisho, maana unagusa kila kitu kuanzia kupaa.

X-Plane ni habari nyingine. Inapiga hesabu ya kani kwenye kila kipande cha bawa na panga, kwa hiyo marekebisho yanafanyika kwenye umbo lenyewe kupitia Plane Maker. Ndege ikizidi, mara nyingi ni uzito mtupu ulioandikwa pungufu au injini iliyopewa tabo. Ukikuta hayo mawili yako sawa, iache. Baron inayokuja nayo sikuona sababu ya kuigusa.

Wenye King Air na ndege nyingine za taboprop, ambazo propela zake huzungushwa na injini za tabaini badala ya pistoni, wasitumie ile namba ya 77. Injini zile zina nguvu ya ziada iliyofungiwa kwa kikomo cha toki (nguvu ya kuzungusha propela), kwa hiyo kwa muda fulani zinapanda bila kupungukiwa, mpaka joto la ndani linapokuwa kikomo kipya. Songwe yenye joto, soma saa zote mbili, toki na joto, na uishie kwenye inayofika kwanza.

Kwenda Iringa na ndege iliyonyooka

Sasa tumia ulichopima. Songwe hadi Nduli ni karibu kilomita 300, kuelekea kaskazini-mashariki, na kwa uelekeo huo mwinuko wa safari ni 9,500 au 11,500. Kufika 9,500 kutoka uwanjani kutakula karibu dakika sita, na ndani ya dakika hizo utakuwa umesogea kilomita 20 na kitu. Kilele cha Mbeya, zaidi ya mita 2,800, ambazo ni zaidi ya futi 9,200, kiko kaskazini-mashariki mwa uwanja na karibu kuliko kilomita hizo. Ukipaa na kugeuza pua moja kwa moja kuelekea Iringa, utafika mlimani ukiwa chini ya kilele. Ile Baron ya bure ilikuwa inaruka juu yake kwa raha zote.

Kwa hiyo paa, elekea kaskazini-magharibi kufuata bonde la Songwe kuelekea Rukwa, ambako ardhi inashuka. Panda huko kwa noti 105 mpaka 8,000, kisha ongeza mwendo hadi 136, upandaji unaotumika safarini. Injini zinapoa na unaona mbele ya pua. Geuka ukiwa umefika 11,500, vuka safu, na Usangu itafunguka chini yako. Injini ikikufia kabla ya kugeuka, tayari pua inatazama upande ambako unaweza kushuka pole bila kukutana na ardhi. Akili yote ya kuchagua njia hiyo imo kwenye zile futi 60 kwa dakika.

Ukikaribia Nduli na injini moja mchana, hesabu kabla ya kushusha magurudumu. Nyuzi 27 kwenye futi 4,700 ni kama 7,300 za hewa, sawasawa na dari ya kitabu, na umechoma mafuta kidogo tu. Magurudumu yakiwa chini na flapi zimefunguliwa, hakuna akiba ya kurudi juu. Shusha magurudumu pale tu unapokuwa na uhakika wa kufika, flapi za mwisho ukiwa umeshaishika njia ya kurukia, na utue.